Jina langu lipo kwenye kava la kaseti ya jazz, ila sikupuliza hata noti moja

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Na ninyi wa rika langu, mambo zenu.

Mimi humu ni msomaji tu. Nimejiunga zamani, sijawahi kuchangia hata neno "nimecheka". Leo ndiyo mara ya kwanza naandika, na naandika kilichotokea kama kilivyo kwenye daftari langu. Sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu Arusha mnaijua, ukikohoa Kijenge mtu wa Sakina anakuuliza umepona.

Mtanisamehe kwa urefu. Mdomoni sina maneno, ila nikishika kalamu siachi.

Kwanza mnijue kidogo.

Nina miaka kumi na saba. Nimemaliza form four, niko nyumbani nasubiri matokeo. Naishi Themi kwa shangazi yangu, dada yake baba. Mama alishafariki nikiwa mdogo, hilo sitalieleza hapa.

Aibu yangu siyo ile ya kawaida ya wasichana. Shuleni mwalimu akiita majina, nikifikiwa mimi nashindwa kuitika. Nilishawahi kuandikwa sipo wakati nimekaa dawati la mbele.

Ndiyo maana nina daftari. Kila siku jioni naandika vitu nilivyotaka kusema mchana nikashindwa. Kuna kurasa zina mstari mmoja tu. Mfano: "Nilitaka kumwambia shangazi asante kwa sketi." Au: "Nilitaka kusema mimi najua jibu." Mambo kama hayo.

Sasa turudi nyuma kidogo ili mwelewe hii kaseti ilitoka wapi.

Baba yangu alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja hapa mjini. Kiwanda kilikuwa cha umma, na zamani viwanda vya umma vilikuwa na bendi zao. Hicho cha baba kilikuwa na bendi mbili: ya dansi kwa ajili ya kumbi, na ya matarumbeta kwa ajili ya gwaride la Mei Mosi.

Baba hakuwahi kupiga chochote. Kazi yake ilikuwa kutunza. Vyombo vyote vilikuwa kwenye stoo yake, kila kimoja na sanduku lake na namba yake, na wiki moja kabla ya Mei Mosi alikuwa anavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa. Mimi nikiwa darasa la pili alinipeleka nikavione. Aliniambia, "Mama, ningepewa hata kile kidogo kabisa, ningepuliza mpaka Moshi wasikie."

Baba ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Baadaye kiwanda kikapata mwekezaji. Wengi mnajua hiyo habari ilivyokuwa, karibu kila nyumba ya mtaa wetu ilipunguzwa mtu kazini. Baba akapunguzwa. Kazi yake ya mwisho aliyopewa ilikuwa kuhakikisha stoo inabaki tupu.

Magitaa na spika viliondoka siku hiyo hiyo. Ngoma zikaenda shuleni. Matarumbeta yakachukuliwa na usharika, si mnajua Walutheri na tarumbeta. Vikabaki vile ambavyo hakuna aliyevitaka: klarineti nane, filimbi ndefu za pembeni nne, saksafoni tano. Ukitoa filimbi, vyote vina kale kamwanzi kembamba mdomoni kanakotoa sauti. Mtu akija kuangalia anauliza, "Hivi navyo ni vya nini?"

Aliyevichukua ni Mwalimu Zakayo, mzee aliyekuwa akifundisha ile bendi ya Mei Mosi. Alivibeba na mkokoteni mpaka kwake, hapo hapo Themi, safari tatu.

Baba yeye akaenda Mererani kutafuta tanzanite. Alisema miezi sita. Sasa ni miaka.

Mwalimu Zakayo akaanza kukusanya vijana wa mtaani na kuwafundisha bure. Shangazi akanipeleka. Sababu yake aliisema wazi mbele ya watu wote: "Mwalimu, huyu mtoto nyumbani ni kama kabati. Labda akipuliza atatoa sauti."

Walicheka. Mimi niliangalia viatu.

Nikapewa klarineti ya tatu.

Hapa naomba nieleze kidogo, maana ndiyo moyo wa huu uzi. Kwetu ukisema jazz watu wanajua ni magitaa, zile bendi za zamani za dansi. Mwalimu Zakayo alitaka kupiga jazz hiyo hiyo bila gitaa hata moja. Alichofanya ni kugawa kazi za magitaa kwa vyombo vya kupuliza. Klarineti za kwanza zinapiga kazi ya gitaa la solo. Za pili zinapiga second solo. Saksafoni kubwa inakuwa besi. Filimbi zinaimba pale ambapo mwimbaji angeimba.

Klarineti za tatu zinapiga kazi ya gitaa la rhythm. Yaani kale kamchezo ka noti chache kanakojirudia chini chini tangu mwanzo wa wimbo mpaka chemko, pale mwishoni watu wanapoacha kukaa na kuanza kucheza. Hakuna anayekasikiliza. Lakini ndiko kanakofanya kiuno kijue pa kwenda.

Klarineti za tatu tulikuwa watu watatu: mimi, msichana anaitwa Neema wa kule Nduruma, na Kelvin.

Wakuu, mwaka mzima tumekaa viti vitatu vinavyofuatana, na sidhani kama tuliwahi kusemeshana sentensi kumi. Mimi na aibu zangu. Neema anatoka mbali, akifika amechoka, akimaliza anawahi gari. Kelvin ndiyo yule mtu akiwa na watu anatania sana, akibaki na wawili anaangalia dari.

Kundi lote tulikuwa kumi na saba. Wengine walizoeana, wakawa wanakwenda pamoja kula chipsi baada ya mazoezi. Mimi nilikuwa nafunga klarineti kwenye sanduku polepole makusudi, ili nikitoka wawe wameshaondoka.

Nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi chumbani na mlango nimefunga. Shangazi anauza mitumba sokoni, anatoka mapema, anarudi amechoka. Kuna siku nzima zinapita ndani ya ile nyumba sauti pekee inayosikika ni hiyo klarineti ya chini, fu fu fu fu, kamchezo kale kale.

Nilikuwa nakajua, wakuu. Naomba mnielewe hapo. Chumbani nilikuwa najua kupiga.

Tatizo lilikuwa watu.

Mwaka jana kabla ya likizo ya mwezi wa sita, Mwalimu akatutangazia tunarekodi albamu. Nyimbo sita, zote katunga yeye. Jina la albamu: Bila Gitaa.

Siku hiyo nilifanya kitu ambacho sijawahi. Nilichukua simu ya shangazi nikampigia baba mwenyewe. Nikamwambia, "Baba, tunarekodi kaseti. Utanisikia."

Baba akasema, "Kwa klarineti za stoo yangu?"

Nikasema ndiyo.

"Mama, nitanunua redio mpya."

Kwa hiyo mnaona. Kwangu mimi albamu haikuwa umaarufu wala nini. Ilikuwa baba anisikie. Basi.

Studio za mjini hazikutufaa. Mwalimu alienda kwa prodyuza mmoja kijana, tumwite Muddy, ambaye anarekodi wasanii wa kurap. Chumba chake cha kurekodia kinatosha mtu mmoja na magodoro yaliyobandikwa ukutani. Muddy akamwambia, "Mzee, hapa anaingia mtu mmoja mmoja." Mwalimu akasema, "Hawa hawajui kupiga mmoja mmoja. Wanajua kupiga wote."

Ndiyo likapatikana ghala. Liko juu huko, njia ya kuelekea Momela, lilikuwa la kuhifadhia kahawa ya wakulima. Tangu wanunuzi binafsi waanze kupita mashambani wenyewe, ghala likawa halina kitu. Kuta nene, paa la juu sana, na mle ndani bado kuna ile harufu ya kahawa mbichi na magunia. Mwalimu aliingia akapiga kofi moja, akasikiliza linavyorudi, akasema, "Hapa hapa."

Tukapanda na lori asubuhi. Mwezi wa sita Meru mnaujua. Mlima wenyewe hatukuuona, ukungu umekaa mpaka kwenye migomba. Vidole vimekufa ganzi.

Na hapa kuna kitu cha ufundi ambacho lazima mkijue.

Klarineti ikiwa ya baridi haitoi sauti inayotakiwa, inakwenda kombo na wenzake. Kwa hiyo Mwalimu alitufundisha "kupasha chombo". Unaweka mdomo kama kawaida, unachezesha vidole kwenye matundu, unapuliza pumzi ya moto lakini laini, bila kubana ule mwanzi. Hewa inapita, chombo kinapata joto, sauti haitoki. Mtu akikuangalia anadhani unapiga. Mashavu yanakwenda, vidole vinakwenda, ila ni kimya.

Tulifanya hivyo kabla ya kila wimbo. Watu kumi na saba tumekaa duara, tunapuliza kimya ndani ya ghala la baridi. Niliandika kwenye daftari kwamba ilikuwa kama kanisa.

Muddy akaning'iniza maiki mbili kwenye boriti, akawasha jenereta nje mbali, akatuambia, "Hii siyo kompyuta ya kukata na kuunga. Akikosea mmoja, mnarudia wote."

Tukaanza wimbo wa kwanza.

Katikati, sehemu ya taratibu kabisa, filimbi zikiwa peke yake na sisi wa tatu tunaingia kwa chini, klarineti moja ikapiga ukelele. Kriiik! Kama kuku aliyekanyagwa.

Wote wakaacha. Ghala likaurudisha ule ukelele mara mbili, kana kwamba halijaridhika.

Watu wakacheka. Dada mmoja wa saksafoni anaitwa Upendo akasema, "Jamani, nani kaleta mbuzi?" Wakacheka zaidi.

Mimi nilijua ni mimi. Nilihisi kwenye mdomo, ule mwanzi uliniteleza.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa na hofu ya jenereta, ya ukungu, ya lori kuondoka. Akasema, "Nani huyo?"

Kila mtu akaangalia chombo chake.

"Sitaki kumjua. Nasema hivi: asiye na hakika asipulize. Mmesikia? Asiye na hakika, asipulize."

Tukaanza upya.

Ilipofika sehemu yetu nikaweka mdomo, nikachezesha vidole, nikapuliza pumzi ya moto bila kubana mwanzi.

Nilipasha chombo wimbo mzima.

Nikajiambia, wimbo huu tu, wa pili nitapiga. Wa pili ukaja, nikasema upite huu, moyo utulie. Moyo ulikuwa unadunda mpaka sisikii vizuri wanachopiga wengine. Nikajipa moyo kwamba Neema na Kelvin wapo, kamchezo kanasikika, wawili wanatosha. Wa tatu. Wa nne.

Mchana mama mmoja wa Kimeru jirani na ghala akatuletea loshoro ya moto kwenye sufuria, ile ya mahindi na maziwa mgando. Watu wakakaa kwa makundi wakipiga stori. Mimi nikaenda na bakuli langu nyuma ya ghala, nikakaa kwenye jiwe. Nilipopita nilimwona Neema amekaa peke yake karibu na jenereta, mahali penye kelele. Kelvin alikuwa kwenye lori amejifunika uso kwa kofia kama amelala. Sikufikiria chochote wakati huo.

Nyimbo mbili za mwisho nazo nikapasha.

Saa kumi jioni Muddy akasema, "Safi, tumemaliza." Watu wakapiga makofi, wakakumbatiana. Upendo akanikumbatia na mimi, akasema, "Umeona? Tumetoboa!"

Kwenye daftari siku hiyo kuna mstari mmoja: "Nilitaka kusema turudie."

Kaseti ikatoka mwezi wa tisa. Kava lina picha yetu tumesimama mbele ya ghala, na majina yote kumi na saba nyuma, herufi ndogo. Jina langu la kumi na nne.

Redio moja ya FM ya hapa mjini ikapiga wimbo wa tatu wa upande A. Mtangazaji akasema hajawahi kusikia jazz ya namna hii, kwamba muziki wenyewe "unaelea, hauna miguu, kama ukungu wa Meru". Mwalimu alifurahi huyo! Kila aliyepita kwake alimwambia, "Unaelea. Wamesema unaelea."

Shangazi akatuma kaseti Mererani kwa mtu wa basi.

Baada ya siku tatu baba akapiga. Nasikia kelele za watu nyuma yake.

"Mama! Nimekusikia!"

Nikaibana simu sikioni.

"Wimbo wa tatu pale mwanzoni, ile inayolia ndefu halafu inashuka kama mtu anateremka ngazi. Nikawaambia wanaapolo wenzangu wa machimboni, nyamazeni, huyo ni binti yangu. Mpaka mzee mmoja wa Kiarusha ametoa chozi. Si ni wewe?"

Ile ni saksafoni ya Upendo. Haifanani na klarineti hata kidogo. Lakini baba alikuwa mtu wa kufuta vyombo, hakuwahi kukaa navyo mazoezini.

"Si ni wewe, mama?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Wakuu, hilo ndilo neno nililolisema kwa sauti kubwa kuliko yote mwaka ule. Na lilikuwa uongo.

Kuanzia hapo kila akipiga simu ananiambia nani mwingine kamsikilizisha. Mwenye duka. Askari wa getini. Mchungaji. Mimi nasema ndiyo baba, ndiyo baba. Nikikata simu nakaa kwenye kitanda naangalia sanduku la klarineti kama kuna mgonjwa ndani.

Mtihani ukapita. Desemba ikafika, baba akaja. Alikuja kutuchukua twende kwetu Machame kwa ajili ya Krismasi, tungeondoka wote kesho yake. Amekonda, mikono imepasuka, ila kavaa shati jipya. Na ile redio mpya kaibeba kwapani kama mtoto.

Mchana baada ya kula, tumekaa uani, akasema, "Haya mama. Nipigie kile kipande. Ngazi."

Shangazi akavuta kigoda. "Leo una mtu wa kumpigia. Mimi umenipigia fu fu fu mwaka mzima mpaka naota."

Nikaenda kuchukua klarineti. Nilikaa chumbani muda mrefu. Nilifikiria kusema imeharibika. Nilifikiria kusema naumwa jino. Vyote viwili ningeweza, watu wangeniamini, mimi huwa siulizwi mara mbili.

Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Nadhani ni lile shati. Alikuwa hajalitoa hata bei, kakaratasi kalikuwa bado kananing'inia kwenye kola nyuma.

Nikatoka. Nikakaa. Sikumwangalia. Nikapiga sehemu yangu ya wimbo wa tatu, ile ya rhythm, noti zangu tano zinazojirudia. Nikaipiga yote, tangu mwanzo mpaka chemko. Bila filimbi, bila saksafoni. Ikiwa peke yake ni kitu kidogo sana, wakuu, karibu cha kuchekesha. Kama mtu anayetembea peke yake kwenye barabara ndefu.

Nilipomaliza baba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hii siijui," akasema. "Hii mbona haipo kwenye kaseti?"

"Haipo, baba."

"Haipo kivipi?"

"Ndiyo sehemu yangu. Ile ngazi ni ya mtu mwingine. Mimi ghalani sikupuliza. Niliogopa. Nilikuwa nachezesha vidole tu."

Shangazi akasema, "Yesu wangu."

Baba akanyanyuka, nikadhani anaondoka. Akachukua redio, akaweka kaseti, akarudisha mkanda mpaka wimbo wa tatu. Tukasikiliza wote watatu mpaka mwisho. Akarudisha tena. Mara ya pili aliweka sikio kabisa kwenye spika.

"Mlikuwa wangapi wa sehemu hiyo?"

"Watatu."

"Wewe hukupuliza. Wanabaki wawili."

"Ndiyo."

"Mbona sisikii hata mmoja?"

Nikasogea. Nikasikiliza kwa mara ya kwanza bila kujitafuta mwenyewe. Na kweli, wakuu. Solo ipo. Second solo ipo. Besi ipo. Pale katikati palipotakiwa kuwa na sisi, hakuna mtu. Tundu. Nyimbo zote sita, tundu.

Ndiyo ule "ukungu wa Meru". Ndiyo maana muziki hauna miguu. Miguu ilikuwa sisi.

Baba akazima redio. Akasema, "Rudia ile yako."

Nikarudia. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Alinirudisha, sijui, mara nane, mara kumi. Shangazi aliondoka akaenda kuosha vyombo. Mimi nikajua hiyo ni adhabu. Nilipiga huku machozi yanashuka mpaka kwenye mwanzi, na hakuniambia niache, na hakuniambia vizuri. Mdomo ulipouma kabisa akasema, "Inatosha," akaingia ndani kulala.

Krismasi nzima hakuligusia tena.

Tuliporudi nilifanya safari ya Nduruma kumtafuta Neema. Mimi! Kwenda kwa mtu bila kuitwa! Nilimkuta shambani na mama yake wanachuma nyanya. Nikamwuliza moja kwa moja kwa sababu nilijua nikianza na habari za asubuhi nitaishia hapo hapo.

"Neema, kule ghalani ulipuliza?"

Akaacha nyanya. "Kwa nini unauliza?"

"Mimi sikupuliza."

Akanitazama, akaziba mdomo kwa mkono wenye udongo. "Si wewe ndiye ulikuwa unapiga? Mimi nilisema wewe upo!"

"Mimi nilisema wewe upo."

"Na Kelvin?"

Tukamtafuta Kelvin. Alipotusikia alicheka mpaka akakaa chini kwenye kibaraza. "Mimi nilijua ninyi ni wawili na mnajua. Nikasema wanawake hawa wanatosha, mimi mbuzi nikae kimya."

Neema akasema, "Mbuzi wewe? Ukelele ulikuwa wangu."

"Wako? Ulikuwa wangu, nilihisi mdomoni."

Mimi nikasema, "Hapana, ulikuwa wangu."

Mpaka leo hatujui ulikuwa wa nani. Kila mmoja ana ushahidi wake.

Tulikaa pale kibarazani mpaka gari la Neema likampita. Nilihesabu baadaye nikiandika: siku ile moja tuliongea kuliko mwaka wote wa viti vitatu. Ila pia nilirudi nyumbani na uzito wa aina yake. Kwamba siku ile ghalani kila mmoja wetu alikuwa anaogopa peke yake, sentimita thelathini kutoka kwa mwenzake, na kila mmoja amemwegemea mwingine ambaye hayupo.

Baba akarudi Mererani. Wiki mbili hakupiga simu. Nikajua nimempoteza. Nikajua sasa kule ni aibu, mchungaji, mwenye duka, askari wa getini, wote wamejua binti yake ni picha tu kwenye kava.

Juzi Jumapili akapiga. Shangazi akanipa simu.

"Mama, nimewaambia ukweli."

Nikafumba macho. "Wakasemaje?"

"Wamecheka sana. Yule mzee wa Kiarusha anataka chozi lake lirudishwe."

Sikujua nicheke au nilie.

"Sasa subiri," akasema. "Usikate."

Nikasikia anabonyeza redio. Wimbo wa tatu ukaanza, mbali mbali, na watu wanaongea nyuma. Filimbi zikaingia. Halafu, palipo na lile tundu, nikasikia mluzi. Noti tano. Zinajirudia. Alikuwa baba, anapiga mluzi sehemu yangu, anakwenda nayo sawasawa na kaseti, anakosea kidogo kwenye kona halafu anarudi njiani.

Alipiga wimbo wote mpaka chemko. Kumbe ile siku ya uani alikuwa anajifunza.

Mwisho akarudi kwenye simu anahema. "Nimeipatia?"

"Noti ya nne inashuka kidogo zaidi, baba," nikasema.

"Nionyeshe."

Nikamwimbia, wakuu. Kwa mdomo, kwenye simu, mlango uko wazi na shangazi anasikia.

Basi, huo ndio mkasa wangu.

Nilichojifunza mimi: ukinyamaza kwa kudhani wengine wapo, jua na wao pengine wananyamaza kwa kudhani wewe upo. Sijapona aibu, msidhani. Jana tu nimeshindwa kumwambia muuza duka kwamba siyo sabuni niliyoomba.

Sasa naomba ushauri wenu. Mwalimu Zakayo bado hajui. Ametuambia anataka kurekodi albamu ya pili ghala lile lile, na ametusisitiza sisi wa klarineti ya tatu tupige "vile vile kama mara ya kwanza", kwa sababu redioni walisifia. Neema anasema tumwambie. Kelvin anasema tupulize tu, mzee ashtuke mwenyewe. Mimi nimeshaandika kwenye daftari nitakachomwambia, kurasa mbili, ila hata siku moja mdomo wangu haujawahi kusoma daftari langu kwa mtu.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Na kuna mwingine humu aliyewahi kupasha chombo, kwenye kwaya, kazini, popote? Njoo useme. Mimi nimeanza.